Risasi Zisizovutwa na Jua: Uhakiki wa Unakili wa Mashine Zilizokufa

Tungo za Muyaka bin Haji hazikuwafikia wasomaji wa leo kwa mkono wa Muyaka mwenyewe. Mshairi huyo wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, na sehemu kubwa ya tungo zake ilikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na W. E. Taylor. Karatasi hizo zikaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka kwa hati za Kilatini kule Johannesburg. Baina ya mshairi na msomaji, basi, imesimama mikono kadhaa, na kila mkono umeacha alama yake. Hati ya Kiarabu iliyoandikiwa Kiswahili haikuwa ikitenga daima i na e, wala u na o. Aliyetaka kuisoma ilimbidi aijue lugha kwanza. Na lau pasingalikuwa na maelezo ya waliojua nani alikuwa akipigwa kijembe na kwa kisa gani, beti nyingi zingalibaki sauti tamu zisizo na maana. Ndiyo maana wahakiki wa ushairi wa pwani wamezoea kumkalisha mnakili kitako na kumhoji: aliona nini, alisikia nini, alisahihisha nini, na pale alipotia mkono wake, je, aliacha dalili?

Maswali hayohayo yanafaa kuulizwa mahali ambapo wapenzi wa ushairi hawajazoea kupatazama, nako ni katika kazi ya watu wanaozifufua minikompyuta, mashine ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza zamani, pamoja na maandishi yaliyoandikwa kwa ajili yake. Aghalabu kazi hiyo husimuliwa kama uhandisi, au kama kipumbazo cha wazee waliostaafu. Kwa hakika ni kazi ya uhariri wa matini. Ina wanakili wake wema na wabaya, na haki yake ni kuhakikiwa kwa jicho lilelile.

Jina la minikompyuta lisimpotoshe msomaji. Udogo wake ulikuwa wa kulinganisha tu: mashine zilizotangulia zilijaza ukumbi, ilhali hizi zilitosha katika kabati moja au machache. Kampuni iliyozipa umaarufu ni Digital Equipment Corporation, iliyoanzishwa mwaka 1957 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na iliyoziita mashine zake PDP. PDP-1, mama yao, zilitengenezwa 53 tu. PDP-8 ya mwaka 1965 iliuzwa kwa dola 18,000, bei iliyoonekana ndogo ajabu kwa wakati ule, na ikaingia maabara, viwandani na vyuoni kwa maelfu. PDP-11 ikaja mwaka 1970, VAX mwaka 1977. Kisha kompyuta za mezani zikalila soko. Compaq iliinunua Digital mwaka 1998, na mwaka 2002 Compaq nayo ikamezwa na Hewlett-Packard.

Msiba wenyewe ni huu. Mwandishi wa kitabu akifa, kitabu hubaki kikisomeka. Programu iliyoandikwa kwa PDP-8 haisomwi na chochote ila PDP-8. Kila mashine ilikuwa na amri zake na urefu wake wa neno: biti 12 kwa PDP-8, biti 16 kwa PDP-11, biti 18 kwa PDP-1 na PDP-7. Utepe wa karatasi uliotobolewa matundu unaweza kukaa sandukuni miaka sitini ukiwa mzima kabisa, na asiwepo wa kuutamka. Ni lugha iliyobakiwa na maandishi baada ya wasemaji wake wote kuzikwa.

Dawa iliyopatikana ni emuleta, yaani programu ya kompyuta ya leo inayojifanya mashine ya kale. Huisoma amri moja ya programu ya zamani, huitenda kama mashine ile ambavyo ingaliitenda, kisha huiendea amri inayofuata; na zile sehemu za chuma, rejesta, kumbukumbu na diski, zote huwa ni nambari tu. Programu ya zamani haiguswi. Haijui kwamba inakaa nyumba ya kupanga. Hapa ndipo emuleta inapoachana na tafsiri. Anayeitafsiri programu ya PDP-1 huiandika upya kwa lugha ya mashine mpya, na kama wafasiri wote hulazimika kuchagua cha kuacha. Mwenye kuunda emuleta huyaacha maneno kama yalivyo, akaunda kinywa kipya cha kuyatamka.

Mashuhuri kuliko zote katika uwanja huu ni SIMH, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Bob Supnik, mhandisi wa Digital yenyewe. Ndani yake zimo PDP takriban zote, VAX, na hata mashine za makampuni yaliyokuwa mahasimu wa Digital. Mwaka 1996 Supnik aliandika, pamoja na Max Burnet wa Australia, makala iliyoziweka njia mbili bega kwa bega: kukikarabati chuma chenyewe, na kukiigiza kwa programu. Makala hiyo inastahili heshima inayopewa utangulizi wa fani. Kipimo ambacho SIMH imejiwekea ni kwamba programu ya zamani iende bila kukwama, na kipimo hicho ni cha lazima. Walakini hakitoshi. Mswada unaweza kusomeka vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho na bado ukawa umeharibiwa.

Mfano ulio bora wa yale yanayokipita kipimo hicho ni Spacewar, mchezo ulioandikwa mwaka 1962 na Steve Russell na wenzake kwa PDP-1 ya chuo cha MIT. Vyombo viwili vya angani, kimoja chembamba kilichoitwa Sindano na kingine kipana kilichoitwa Kabari, huwindana kwa risasi huku vikilizunguka jua lililo katikati ya kioo cha duara. Jua hilo, lililotiwa na Dan Edwards, huvivuta vyombo; asiye na hadhari hutumbukia ndani yake. Lakini risasi hazivutwi. Hupita ubavuni mwa jua zikiwa zimenyooka kama uzi. Aliyesoma fizikia hata kidogo ataona kosa, na hapo atakuwa amekosea yeye. PDP-1 iliweza kujumlisha mara 100,000 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo haikutosha kuzikokotolea risasi zote mvuto wa jua kabla ya picha kuchorwa tena. Waandishi wakaamua ziwe ni risasi za mwanga, na mwanga, wakasema, una uhuru wake.

Mtunzi wa mashairi hapa hahitaji mkalimani. Mizani nane kwa nane humbana mtu akafupisha neno, na inkisari hiyo iliyozaliwa na dhiki huishia kuwa ndiyo ladha ya utungo. Atakayeirefusha kwa ajili ya usafi wa sarufi ameua ubeti. Anayeiandika upya Spacewar kwa kompyuta ya leo ana kasi ya kubadhiri, na kishawishi cha kuzitia risasi mvuto ni kikubwa. Akikifuata pengine atapata mchezo mwema, ila utakuwa mchezo mwingine.

Kuna jambo la ndani zaidi. Ili kupata muda wa kukokotoa mvuto wa vyombo, Edwards alibuni hila: mchezo unapoanza, programu huyasoma maumbo ya Sindano na Kabari kutoka orodha fupi ya nambari, kisha hujiandikia yenyewe amri mpya za kuyachora, ili isipoteze wakati kuyachambua kila mara. Yaani matini inaandika matini. Mfasiri huitupa hila hiyo bila hata kufikiri, kwa kuwa mashine yake haina haja nayo. Emuleta huiacha ifanye kazi yake hadi leo, ijapokuwa hakuna jicho la mchezaji litakaloiona. Mhakiki atakayeuliza faida ya kuhifadhi kisichoonekana na ajiulize kwanza kwa nini wasomi wa mashairi hujali vina vya kati ambavyo msikilizaji wa haraka havisikii.

Nyuma ya vyombo kuna nyota, nazo ni kazi ya Peter Samson. Mwanzoni nyota za mchezo zilitawanywa ovyo. Samson hakuridhika, akaziweka nyota za kweli kutoka ramani ya anga, zile zilizomo kati ya nyuzi 22 na nusu kaskazini na nyuzi 22 na nusu kusini ya ikweta ya mbingu, na mwangaza wa kila moja akaupima kwa idadi ya mara inazochorwa. Msomaji wa visiwani, aishiye nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, atatambua kwamba ukanda huo ndio unaopita juu ya utosi wake. Kundi la Orioni limo. Kilimia, ambacho wakulima walikitazama kwa ajili ya majira ya mvua, hakimo: kiko karibu nyuzi 24 kaskazini, na ukingo wa ramani umekipita kwa upana wa kidole cha mkono ulionyooshwa. Mnakili wa pwani mwenye mapenzi na nyota hizo angetamani kukitia. Na asikitie.

Kazi iliyoyazingatia haya kuliko nyingine ni ile ya Norbert Landsteiner, aliyeishughulikia Spacewar katika miaka ya 2010. Aliichukua programu ya asili, neno kwa neno, akaiendesha ndani ya emuleta, kisha akageukia nuru. Kioo cha PDP-1 kilikuwa na asili ya rada: kila nukta iliyopigwa ilimeta kwa buluu kali, kisha ikafifia taratibu kwa rangi iliyo baina ya manjano na kijani, hivyo kila chombo kiliburuta nyuma yake mkia wa mwanga. Kioo bapa cha siku hizi hakina mkia. Nukta ikizimwa imezimwa. Landsteiner aliukokotoa ufifiaji ule, akaurudisha machoni. Aidha aliandika sharhi ndefu ya programu, akiipitia amri kwa amri, kama wanazuoni wanavyoipitia matini yenye hadhi. Sifa kubwa ya kazi yake ni kwamba kile alichokiunda mwenyewe, yaani mwanga wa kuigiza, kimesimama mbali na kile alichokirithi. Mwenye shaka na mwanga huo anaweza kuuweka kando, na matini isipungukiwe herufi.

Hata kasi ni sehemu ya matini. Kompyuta ya leo, ikiachiwa, ingaliumaliza mchezo mzima kabla mchezaji hajainua kidole. Emuleta njema hujizuia, ikavuta pumzi pale PDP-1 ilipovuta. Kuna emuleta zisizojali hilo, na kuzitumia ni sawa na kumsikiliza msomaji wa utenzi anayekimbilia chakula.

Mfano wa pili ni wa matini iliyofika ikiwa imeraruka. Unix, mfumo ambao vizazi na vijukuu vyake vimo katika seva na simu nyingi za leo, ulianzishwa na Ken Thompson mwaka 1969 katika maabara ya Bell, juu ya PDP-7 iliyokuwa haitumiki sana. Baadaye ukahamishiwa PDP-11, na mwongozo wa Toleo la Kwanza ukatiwa tarehe ya 3 Novemba 1971. Programu yenyewe ya siku zile ilihesabiwa kuwa imepotea. Kilichojitokeza ni karatasi: chapa ya kiini cha mfumo, ya mwaka 1972, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mwaka 2008 kundi la watu waliojitolea, Warren Toomey wa Australia akiwa miongoni mwao, liliisomesha chapa hiyo kwa programu ya kutambua herufi, kisha likakaa kuisahihisha kwa macho. Aliyewahi kuusoma mswada uliofifia anaijua taabu hiyo. Nukta hii ni ya mwandishi au ni ya uchafu? Huu ni mstari wa herufi au ni nambari moja?

Wanakili hawa wana faida moja ambayo Mwalimu Sikujua hakuwa nayo, kwani matini yao, ikinakiliwa vibaya, mara nyingi hukataa kwenda. Katika shairi, herufi iliyokosewa huweza kupita karne nzima ikiimbwa. Katika kiini cha Unix, herufi iliyokosewa huweza kuizuia mashine nzima isiamke. Mashine ikawa ndiyo mhariri mkali. Ila si mhariri kamili, maana lipo kosa linalokwenda, nalo ndilo la kuogopwa.

Kiini peke yake hakimfai mtu. Mfumo unahitaji programu za mtumiaji. Hizo zilitoka katika tepe za sumaku zilizohifadhiwa na Dennis Ritchie, mwenzake Thompson, za wakati ulio karibu na ule wa chapa lakini zisizo za siku moja nayo. Viungo vikaunganishwa, mfumo ukaamka ndani ya SIMH iliyojifanya PDP-11/20. Na hapa uhakiki hauna budi kuwa mkweli: kilichoamka si Toleo la Kwanza. Ni mswada wa mchanganyiko, kiwiliwili cha hati moja na viungo vya nyingine, ambao pengine haukupata kuwako hivyo siku hata moja ya mwaka 1972. Jina ulilopewa na waliousifu ni kubwa kuliko wenyewe. Lakini waliofanya kazi hiyo hawakuuficha mshono. Walieleza kila kipande kimetoka wapi, na kwa ajili hiyo kazi yao ni njema.

Miaka minane baadaye ikaja zamu ya Unix ya PDP-7, iliyo kongwe zaidi. Kurasa zake zilizopatikana zilikuwa na pengo baya: programu inayoyapokea maagizo ya mtumiaji, mlango wenyewe wa mfumo, haikuwamo. Wafufuaji wakaiandika upya kwa kufuata maelezo aliyoyaacha Ritchie kuhusu jinsi ilivyokuwa ikifanya kazi. Je, walikosa? Kuutunga ubeti uliopotea na kuuingiza katika diwani kimyakimya ni wizi hata kama ubeti ni mzuri, na ukiwa mzuri ndio wizi mkubwa zaidi. Kuutunga na kuuandikia pembeni kwamba umetungwa mwaka 2016, kwa sababu hii na kwa ushahidi huu, ni uhariri. Wao walifanya la pili.

Kwa kutazama mifano hiyo ndipo fitina iliyozuka mwaka 2022 inapopata uzito wake. SIMH ilikuwa imeongezewa tabia mpya. Mtumiaji alipoipa nakala ya diski ya kale, emuleta iliweza kuandika mwishoni mwa nakala hiyo maelezo yake yenyewe kuhusu aina na ukubwa wa diski, ili siku ya pili isiisome kwa makosa. Nia ilikuwa kumsaidia asiye mjuzi, na wajuzi waliotumia siku nzima kutafuta kwa nini diski haisomeki hawawezi kuikejeli nia hiyo. Wengi walilalamika hata hivyo. Mtunzaji hakukubali kurudi nyuma, akayabadili masharti ya matumizi ili anayekiondoa kipengele kile asiweze kutumia kazi zake zitakazofuata. Na kundi jingine, Supnik akiwamo, likajitenga na kuanzisha Open SIMH kwa masharti ya awali.

Mtu wa nje ataona ni vikombe vya kabati moja vinavyogongana. Tena baiti zenyewe zilizoongezwa ni chache, na programu iliyomo katika diski haibadiliki hata moja. Lakini nakala mbili za diski moja, iliyofunguliwa na isiyofunguliwa, hazilingani tena, na atakayezikuta pamoja miaka thelathini ijayo hatajua kwa urahisi ipi imetoka kwa Digital na ipi imeguswa. Watetezi walisema kwamba nakala ya diski ni faili tu, na mwenye akili huweka faili ya akiba. Utetezi huo ungefaa mahali ambapo asili ipo. Diski nyingi za chuma zilizotoa nakala hizo zimekwishauzwa kwa uzito. Faili ndiyo asili. Wapo pia waliosema kwamba hata wanakili wa kale waliandika jina lao na tarehe mwishoni mwa hati. Ni kweli, na heri waliandika, kwani bila tarehe hizo historia ya fasihi ya Kiswahili ingekuwa maskini zaidi. Ila waliandika katika nakala waliyoinakili wao. Hawakuingia katika sanduku la jirani usiku wakatia sahihi katika hati yake.

Kosa, basi, lilikuwa pale alama ilipowekwa na kwa idhini ya nani. Alama hiyohiyo ingaliwekwa katika faili ya pembeni, fitina isingalizuka. Waliojitenga nao wana lao la kubeba. Sasa ziko SIMH mbili, na mtafiti anayesema tu kwamba aliendesha programu fulani katika SIMH hajasema la kutosha. Anapaswa kutaja ipi, na ya tarehe gani, kama vile msomi anavyotaja ni mswada upi wa utenzi alioufuata.

Waumini wa chuma watacheka. Kwao emuleta ni sanamu iliyovishwa nguo za marehemu, na wanayo hoja. Katika Jumba la Historia ya Kompyuta, Mountain View, jimbo la California, PDP-1 moja ilikarabatiwa na wajitoleaji katika miaka ya mwanzo ya 2000. Spacewar ikachezwa tena juu ya kioo chake cha haki, na muziki alioupanga Samson katika miaka ya 1960, Bach kwa sauti nne, ukasikika tena, sauti hizo zikichukuliwa kutoka taa nne za paneli ya mashine. Hakuna emuleta inayotoa joto lile, wala harufu ya mafuta na vumbi lililochemka. Anayesema kwamba hilo si kitu hajapata kusimama karibu na mwimbaji.

Walakini mwimbaji mmoja si hifadhi. Mjini Seattle kulikuwa na jumba jingine, Living Computers, lililoanzishwa kwa mali ya Paul Allen, ambamo mashine za kale ziliwashwa na wageni wakaruhusiwa kuzigusa. Ni huko ambako mwaka 2019 Unix ile ya kurasa zilizopatikana iliendeshwa juu ya PDP-7 ya kweli. Na hata hapo diski ya asili haikuwapo, nafasi yake ikashikwa na kifaa kipya kinachoigiza diski, hivyo chuma nacho kilikuwa kimeazima kiungo kutoka kwa waigizaji. Allen alikuwa amefariki mwaka 2018. Jumba lilifunga milango mwaka 2020, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba halitafunguliwa tena, na sehemu ya hazina yake ikapigwa mnada na Christie's. Waliotia jitihada ya miaka katika mashine zile hawakuwa na kauli katika mnada huo. Kilichobaki mikononi mwa watu wote ni matini na emuleta.

Na hata matini ina bawabu. Mwaka 2002 kampuni ya Caldera, iliyokuwa imerithi haki za Unix, iliyaachia matoleo ya kale yatumiwe kwa uhuru, na bila ukarimu huo ufufuo wa Unix uliotajwa hapa ungekuwa mgumu kufanyika hadharani. VMS, mfumo wa VAX, haukupata bahati hiyo. Kwa miaka mingi wapenzi walipewa leseni za bure. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba mpango huo unafikia kikomo. Mtu anaweza kuwa na nakala iliyo kamili na emuleta isiyo na dosari, akawa amesimama mlangoni na ufunguo uliokwisha muda wake. Wenye haki hawapati faida yoyote ionekanayo kwa kuufunga mlango huo.

Mnamo mwaka 2025 ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Utah utepe wa sumaku wenye Toleo la Nne la Unix, la mwaka 1973, lile ambalo kiini chake kilikuwa cha kwanza kuandikwa kwa lugha ya C, na ambalo hadi hapo lilijulikana zaidi kwa mwongozo wake na vipande vichache. Ulipelekwa Mountain View, ukasomwa na Al Kossow mwezi wa Disemba. Sumaku ya nusu karne hudhoofika, na si kila sehemu ya utepe husomeka kwa urahisi. Yaliyosomwa yaliwekwa wazi kwa umma yakiwa mabichi, mawimbi ya sumaku kama kifaa kilivyoyapokea. Na faili zilizotolewa humo, pamoja na mfumo ulioamka ndani ya SIMH, zikawekwa mbali na hayo, ili atakayekuja na sikio lililo kali zaidi ausikilize utepe upya.